UZI: Kipokezi hakiandiki kumbukumbu peke yake (makrofaji, ishara na kinga iliyofunzwa)

#1 Darubini Kuu

Wakuu, salaam.

Mjadala wa kinga iliyofunzwa (kumbukumbu ya seli za kinga ya asili) ukianza humu huishia kwenye kauli ileile: beta-glukani (sukari ya ukuta wa fangasi) hufunza, LPS (endotoksini ya ukuta wa bakteria) hupumbaza. Si uongo, ila ni nusu ya habari, na wengi huangushwa na ile nusu ya pili wakishafika kwenye sahani ya visima, ile ya maabara ya kukuzia seli. Uzi huu ni wa hiyo nusu ya pili. Nashusha kwa mafungu, mwenye kurekebisha arekebishe.

Msingi kwanza. Monosaiti (seli nyeupe za damu) na makrofaji (seli kubwa zinazomeza vimelea) hazina vipokezi vinavyoundwa kwa kuchanganya jeni kama limfosaiti B na T, kwa hiyo hazihifadhi sura ya mdudu fulani. Kinachohifadhiwa ni utayari: jeni zipi zimeachwa mlango wazi, zipi zimetiwa komeo. Kichocheo cha kwanza kikipita, seli ikatulia, kikaja cha pili hata kama hakifanani na cha kwanza, jibu huwa kubwa kuliko la seli ambayo haijawahi kuguswa (hapo imefunzwa) au dogo kuliko hilo (hapo imestahimili). Jina la kinga iliyofunzwa lilipendekezwa na Mihai Netea na wenzake mwaka 2011. Mwaka 2012 zikafuata kazi mbili zilizofungua njia: moja ilionyesha kuwa beta-glukani ya kandida (fangasi) hufunza monosaiti kupitia dektini-1 (kipokezi cha beta-glukani) na Raf-1 (kimeng'enya cha ishara), nyingine kuwa BCG (chanjo ya kifua kikuu) hufanya hivyo kupitia NOD2 (kipokezi cha ndani ya seli). Monosaiti za watu ambao NOD2 yao haifanyi kazi kabisa hazikufunzika kwa BCG.

Sasa kipokezi chenyewe. Mkia wa dektini-1 ulio ndani ya seli una nusu tu ya kituo cha kushikia Syk, kimeng'enya kinachopeleka ishara. Nusu moja haitoshi, lazima vipokezi viwili vikae jirani. Ndiyo maana umbo la kichocheo lina uzito kuliko jina lililoandikwa kwenye chupa. Chembe ya ukuta wa hamira ikigusa utando, dektini-1 hukusanyika pale pale penye mguso, na fosfatasi CD45 na CD148 husukumwa pembeni. Zikiwa pembeni hakuna wa kufuta fosfati, ishara inasimama. Beta-glukani iliyoyeyuka inakalia dektini-1 vizuri tu, ila haizisukumi fosfatasi, kwa hiyo haiwashi kitu. Tena inaziba kiti ambacho chembe ingekalia.

Ishara ikishasimama, njia hugawanyika. Syk hupeleka kwa CARD9, Bcl10 na MALT1 hadi NF-κB, protini inayoingia kwenye kiini kuwasha jeni. Raf-1 hupita njia yake na kuitia fosfati p65, sehemu ya NF-κB. PI3K, Akt na mTOR huiinua HIF-1α na kugeuza ulaji wa sukari wa seli. Saitokini (protini ambazo seli hutumia kuitana) za siku ya kwanza zinaweza kutoka bila hiyo njia ya mwisho, lakini kumbukumbu ya siku ya sita, siku ya kichocheo cha pili, haitoki: zuia mTOR kwa rapamaisini wakati wa kufunza, mafunzo yanayeyuka.

#2 Komeo la Jeni

Mkuu umeanza vizuri. Naongeza upande wa TLR4, maana ndiko upotoshaji ulikojaa.

TLR4 inashika LPS ikisaidiwa na CD14 na MD-2, kisha inaongea mara mbili. Mara ya kwanza ikiwa kwenye utando wa nje, protini zikipokezana ishara: TIRAP na MyD88, IRAK4, TRAF6, TAK1, IKK, na NF-κB inaingia kwenye kiini ndani ya dakika chache. Mara ya pili ikiwa imemezwa ndani ya endosomu (kifuko cha ndani ya seli): TRAM na TRIF, IRF3, na interferoni-beta inatoka. Kipokezi ni kimoja, mahali ni pawili, na ujumbe si uleule.

Seli ikikaa na LPS saa 24, breki hujengwa: IRAK-M hukwamisha IRAK nyingine, A20 huvua yubikuitini (lebo inayopitisha ishara), SHIP1 hukata ishara ya PI3K, miR-146a (RNA fupi) hupunguza IRAK1 na TRAF6, na p50 zikiwa mbili mbili hukalia maeneo ya NF-κB bila kuwasha jeni. Wengi huishia hapo, wakidhani ustahimilivu ni kipokezi kilichochoka.

Kazi ya Foster, Hargreaves na Medzhitov ya mwaka 2007 inaivunja dhana hiyo. Katika makrofaji zilezile, zilizopitia LPS ileile, jeni za uvimbe kama Il6 zilinyamaza kwenye LPS ya pili, lakini jeni za kuua vimelea ziliendelea kujibu, nyingine kwa kasi kuliko mwanzo. Kipokezi kingekuwa kimekufa, zote zingenyamaza. Tofauti ilikuwa kwenye kromatini (DNA pamoja na protini za histoni): jeni zilizonyamaza hazikurudishiwa H3K4me3 (alama ya methili kwenye histoni H3) wala asetili ya histoni H4, zilizobaki hai zilirudishiwa. Kwa hiyo ukipima TNF (saitokini ya uvimbe) peke yake na kutangaza "seli imestahimili", umesoma ukurasa mmoja wa kitabu.

#3 Pipeti Kavu

Swali la mtu wa vitendo: ikiwa TLR4 na kipokezi cha TNF vyote vinaishia NF-κB, kwa nini LPS inaacha alama nyingi kwenye kromatini na TNF inaacha chache? Protini iliyoingia kwenye kiini si ileile?

#4 Komeo la Jeni

Ni ileile. Kinachotofautiana ni muda wake wa kukaa.

NF-κB ikiingia kwenye kiini huwasha, pamoja na mengine, jeni ya IκBα. IκBα mpya huifuata, huikamata na kuitoa nje. Ikivunjwa tena na IKK, NF-κB hurudi. Ukiitazama kwenye seli moja moja unaona mawimbi ya kuingia na kutoka, kila wimbi kama saa moja na nusu. TNF huleta mawimbi hayo. LPS, kwa sababu ya mkono wa TRIF, huishikilia NF-κB ndani kwa saa kadhaa bila kuyumba sana.

Sasa tazama nukleosomu. DNA imezungushwa kwenye histoni, na hulegea kidogo kidogo tu kwenye kingo. NF-κB hudandia sehemu iliyolegea. Ikikaa, mzunguko unaofuata unalegea, histoni inaishia kung'oka. Ikitoka baada ya nusu saa, DNA inajizungusha upya na kazi inaanza mwanzo. Kundi la Alexander Hoffmann lilionyesha hili mwaka 2021 kwa makrofaji za panya: walipoharibu breki ya IκBα ili mawimbi yapotee, TNF ileile ikaanza kufungua enhansa (vipande vya DNA vinavyoipa jeni nguvu kutoka mbali) ambazo kwa kawaida haizifungui. Kipokezi hakikubadilishwa. Kilichobadilika ni mdundo.

Enhansa zinazofunguliwa hivyo, zikapata alama ya methili H3K4me1 na zikabaki nayo baada ya kichocheo kuondoka, ndizo zilizoitwa enhansa fiche mwaka 2013. Kwangu mimi hapo ndipo kumbukumbu ilipo. H3K4me3 ya promota (mwanzo wa jeni) inapendwa kwa sababu ni rahisi kupima, ila enhansa ndizo zinazoeleza kwa nini seli mbili zenye promota sawa hujibu tofauti.

#5 Bi Endosomu

Naomba niingize umetaboli (jinsi seli inavyotumia chakula) kabla hatujafika kwenye sahani, kwa sababu bila huo mtu hawezi kueleza alama za histoni zinatoka wapi. Histoni haipati asetili hewani. Asetili-CoA inayoitoa hutoka kwenye sukari na glutamini, kwa hiyo mTOR ikiinua glikolisisi (uvunjaji wa sukari) inajaza pia ghala la rangi za kuchorea kromatini. Fumarati inayorundikana kwenye seli iliyopewa beta-glukani huzuia KDM5, vimeng'enya vinavyofuta methili ya H3K4. Yaani kalamu imeongezewa wino na kifutio kimefichwa.

Njia ya kolesteroli nayo imo. Mevalonati, zao la njia hiyo, hutoka nje ya seli na kuamsha kipokezi cha IGF1, ambacho kinarudi kuisukuma Akt na mTOR. Fluvastatini (dawa ya kushusha kolesteroli) huikata njia hiyo na mafunzo yanafifia. Watu wenye kasoro ya mevalonati kinasi (kimeng'enya kinachoitumia mevalonati), ambao hurundika mevalonati, wana monosaiti zenye sura ya kufunzwa.

Upande wa ustahimilivu kuna itakonati. LPS huwasha IRG1, jeni ya kimeng'enya kinachoitengeneza, itakonati inapanda na kuizuia saksineti dihaidrojenasi, kimeng'enya cha mitokondria. Beta-glukani huipunguza IRG1 na kuiachia hiyo dihaidrojenasi. Ndiyo sababu mojawapo beta-glukani ikiletwa baada ya LPS inaweza kumwamsha aliyepumbazwa, jambo lililoonyeshwa mwaka 2016.

#6 Darubini Kuu

Ahsante dada, hapo kwenye kifutio umenena. Sasa sahani.

Utaratibu wa monosaiti za binadamu unaotumika zaidi ni huu. Tenga seli zenye kiini kimoja kutoka kwenye damu kwa Ficoll, kisha punguza limfosaiti kwa Percoll yenye chumvi zaidi ya kawaida (vyote ni vimiminika vya kutenganisha seli kwa msongamano) au kwa sumaku. Weka monosaiti 100,000 kwa kisima kwenye sahani bapa ya visima 96 na uache saa 1 kwa nyuzi 37 zishike chini. Ukitumia mchanganyiko ambao haujachujwa, weka 500,000. Osha kwa PBS (maji ya chumvi yenye bafa) yenye uvuguvugu. PBS ya baridi huzing'oa, na utakayebaki naye ni nusu ya kundi lako.

Siku ya 0 weka kichocheo katika RPMI (midia ya kukuzia seli) yenye seramu ya binadamu asilimia 10, ujazo mikrolita 200: beta-glukani ya chembe mikrogramu 1 hadi 10 kwa mililita, au BCG mikrogramu 5 kwa mililita, au LPS nanogramu 10 kwa mililita kama mfano wa ustahimilivu, na visima vya RPMI tupu kama ulinganisho. Saa 24 zikiisha osha, weka midia mpya, acha zipumzike siku 5 huku ukibadilisha midia siku ya 3. Siku ya 6 zichokoze zote kwa LPS nanogramu 10 kwa mililita au Pam3CSK4 (kichocheo cha TLR2, kipokezi cha lipoprotini za bakteria) mikrogramu 10 kwa mililita, vuna midia baada ya saa 24, pima TNF na IL-6 kwa ELISA (kipimo cha protini kwa kingamwili).

Zile siku 5 si pambo. Ukichokoza kesho yake, seli bado imewaka kutokana na kichocheo cha kwanza, na unachopima ni kupashwa moto tu, si kumbukumbu. Kufunzwa kunadai uandikaji wa jeni urudi chini, karibu na wa seli za RPMI, huku alama za kromatini zikibaki. Kwa hiyo vuna pia midia ya siku ya 6 kabla ya kuchokoza. Kama TNF bado iko juu hapo, simamisha hadithi.

#7 Pipeti Kavu

Hapo kwenye kuosha niweke hesabu, kwa sababu nao ndio uchawi wa sahani nyingi mbovu.

Kisima kina mikrolita 200. Ukifyonza kwa uangalifu usiguse seli, hubaki kama 20. Ukijaza 180 umepunguza mara 10. LPS ya nanogramu 10 inakuwa 1. Mara ya pili 0.1. Mara ya tatu 0.01, yaani pikogramu 10 kwa mililita. Monosaiti huanza kuisikia LPS kwenye makumi ya pikogramu, kwa hiyo anayeosha mara moja na kuendelea hajaondoa kichocheo, amekipunguzia sauti tu na kukiacha kiongee siku 5. Osha mara tatu, ncha ya pipeti ukutani mwa kisima, sahani imeinamishwa.

Chembe za beta-glukani hazioshwi hivyo. Zilizomezwa zimemezwa, na hakuna PBS itakayozitoa. Ukikuta mtu anaandika "kichocheo kiliondolewa" kwa chembe, elewa ni lugha ya heshima.

#8 Kinga ya Mtaa

Wakuu, beta-glukani ya kibiashara ipo ya kila namna: zimosani, kadilani, laminarini, ya hamira iliyosafishwa. Ipi ni ipi? Halafu kuna hili: LAL (kipimo cha endotoksini) imesomeka juu sana kwenye chupa ya beta-glukani iliyoandikwa "haina endotoksini". Chupa itupwe?

#9 Bi Endosomu

Usitupe bado, ndugu. Kwanza majina.

Zimosani ni ukuta wa hamira mzima mzima: inaamsha dektini-1 na TLR2 kwa pamoja. Ukiitumia huwezi kusema mafunzo ni ya dektini-1. Ipo iliyochemshwa kwa alkali kuondoa vichocheo vya TLR2, hiyo ni afadhali. Kadilani ni chembe, mnyororo mnyoofu wa beta-1,3, lakini huzalishwa na bakteria wenye LPS, kwa hiyo uwe na macho. Laminarini huyeyuka na hutumika zaidi kama kizuizi. Anayefunza kwa laminarini akakosa mafunzo hajagundua kitu.

Sasa LAL. Kipimo kile hutumia utomvu wa seli za damu za kaa wa Limulus, na ndani yake mna milango miwili. Faktori C hufunguliwa na endotoksini. Faktori G hufunguliwa na beta-1,3-glukani. Yote miwili inaishia kwenye donge au rangi ileile! Kwa hiyo LAL ya kawaida juu ya beta-glukani inaweza kukuambia "endotoksini tele" wakati hamna hata chembe. Rudia kwa kipimo cha faktori C ya kutengenezwa peke yake, au tumia bafa inayoziba mlango wa faktori G. Ikisomeka juu tena, hapo ndipo utupe.

Hatari ya upande wa pili ni kubwa zaidi. LPS ikijificha kwenye beta-glukani inaleta ustahimilivu kidogo juu ya mafunzo, viwili vinakatana, na sahani inaonyesha hakuna kilichotokea. Weka visima vya beta-glukani pamoja na polimiksini B. Mafunzo yakipanda baada ya kuiweka, jibu unalo. Ila polimiksini hushika LPS tu, lipoprotini za bakteria zinapita.

#10 Komeo la Jeni

Na idadi ya seli, wakuu. Hili linaua makala nyingi kuliko endotoksini.

Bila M-CSF (protini inayozikuza) monosaiti nyingi hufa ndani ya siku 6. Beta-glukani huziwezesha nyingi kuishi. Ukichokoza siku ya 6 unalinganisha, kwa mfano, seli 60,000 kwenye kisima kilichofunzwa na 30,000 kwenye RPMI. TNF mara mbili! Kwa kila seli hakuna tofauti yoyote. Pima DNA ya kila kisima, au kausha na upake rangi ya kristali vayoleti baada ya kuvuna midia, ugawanye. Afadhali zaidi, paka kingamwili ya TNF ndani ya seli na uzisome moja moja kwenye saitomita, utajua kama seli zote zimepanda kidogo au chache zimepanda sana.

Kwa ChIP (kipimo cha alama za histoni kwenye jeni): fomaldehaidi asilimia 1 kwa dakika 10, glaisini milimola 125 kuisimamisha, katakata kromatini ifike vipande vya jozi za besi (bp) 200 hadi 600. Weka jeni isiyotumika kwenye makrofaji, kama ya mayoglobini, kuwa ulinganisho wa chini. Gawanya H3K4me3 kwa H3 yote, la sivyo nukleosomu iliyong'oka itaonekana kama methili iliyopungua. Seli zikiwa chache nenda ATAC (kipimo cha kromatini iliyo wazi), 50,000 zinatosha, ila zikiwa na maiti wengi DNA iliyozagaa itakuchafulia kila kitu.

#11 Kinga ya Mtaa

Nimeelewa kuhusu faktori G. Vizuizi je? Rapamaisini inawekwa lini?

#12 Darubini Kuu

Saa moja kabla ya kichocheo cha kwanza, inakaa nacho, inaoshwa nacho. Ikibaki hadi siku ya 6 inazuia jibu la LPS ya pili moja kwa moja, na utadhani umezuia kumbukumbu. Kwa hiyo safu ya lazima: kizuizi peke yake siku ya 0, kisha LPS siku ya 6. Safu hiyo ikiwa chini ya RPMI tupu, kizuizi chako hakijaoshwa au kimeua seli. DMSO, kiyeyusho cha kizuizi, iwe sawa kwenye visima vyote, isizidi asilimia 0.1.

Watumiaji wa THP-1 (seli za saratani ya damu zinazokuzwa maabara): PMA, kemikali inayozigeuza kuwa makrofaji, huamsha kimeng'enya PKC, na PKC huamsha NF-κB. Umeshazifunza kabla ya kuanza kuzifunza. Tumia PMA kidogo, pumzisha siku kadhaa, na usifananishe na monosaiti za damu.

#13 Pipeti Kavu

Swali moja limebaki, mkuu. Monosaiti ya kawaida hukaa kwenye damu kama siku moja. Baada ya BCG mafunzo yameonekana miezi 3 baadaye. Nani anayekumbuka?

#14 Bi Endosomu

Uboho wa mifupa. Mwaka 2018 kazi mbili za panya zilionyesha kuwa BCG na beta-glukani hubadilisha seli shina za damu zenyewe, na monosaiti zinazozaliwa baadaye hutoka zimeshafunzwa bila kukutana na chochote. BCG iliyopitishwa mshipani ilifika kwenye uboho na kufanya hivyo, iliyochomwa chini ya ngozi haikufanya. Kwa beta-glukani ishara ya IL-1 (saitokini ya uvimbe) inahitajika. Maana yake kipokezi kinachoandika kumbukumbu ya muda mrefu si lazima kiwe kile kilichomgusa mdudu. Dektini-1 inaweza kuwa imepiga hodi tu, aliyeandika ni kipokezi cha IL-1 kwenye seli nyingine.

Makrofaji za mapafu ni kisa tofauti, zinajizalisha zenyewe pale pale. Baada ya virusi vya adeno zilifunzwa bila msaada wa monosaiti, ila zilihitaji interferoni-gama ya seli T za CD8.

Kwa sahani yako ya siku 6, hayo yote hayamo. Usiandike "kumbukumbu ya muda mrefu" kwenye kichwa cha makala.

#15 Kinga ya Mtaa

Sawa dada. La mwisho: wachangia damu wangapi?

#16 Komeo la Jeni

Watu hutofautiana mno, kuna ambaye monosaiti zake hazifunziki hata kwa kichocheo kizuri. Ukitumia jaribio la takwimu la Wilcoxon ya jozi, hesabu yenyewe inakufunga: wachangiaji 5 wote wakipanda, p ya pande mbili haiwezi kushuka chini ya 0.0625. Kwa 6 inafika 0.03125, na akikataa mmoja tu imeharibika. Anza na 8 hadi 10, na kila mmoja alinganishwe na RPMI yake mwenyewe, si na wastani wa wote.